Kompyuta ya Shule Iwe Nafuu, Lakini Ifunguke



Kule Kiriri, mlimani juu ya mji, mwenzetu mmoja anayelinda lango la nyumba ya tajiri alikuta kompyuta ya kubeba imetolewa pamoja na takataka. Akaiomba, akapewa. Tukaiteremsha Buyenzi kwa fundi. Fundi akaifungua kwa shida, akakuta betri imebandikwa kwa gundi na kibodi imepigwa ribiti kwenye kava lake. Herufi tatu tu ndizo zilizokufa. Lakini ili kuzipata hizo tatu lazima kununua kava zima la juu, nasi tulilitafuta Bujumbura yote tukalikosa.

Fundi wa Buyenzi akishindwa, si kwamba hajui kazi. Mafundi wale wanafufua injini ambazo hata waliozitengeneza wamekwisha kuzisahau. Ameshindwa kwa sababu aliyeiunda mashine ile hakutaka ifunguke. Alitaka inunuliwe nyingine.

Ipo kampuni ya Marekani, Framework, iliyoanzishwa mwaka 2019, ambayo kompyuta zake hufunguliwa kwa bisibisi. Inauza betri, kibodi, kioo, hata ule ubao wa ndani ambao ndio moyo wa mashine, kimoja kimoja. Hilo ni jema. Mwaka 2025 ilitoa ndogo iliyokusudiwa wanafunzi, Framework Laptop 12. Bei ilianzia dola 549, tena kwa ile ambayo mnunuzi anaifunga mwenyewe. Mchuma chai wa Teza na mkata miwa wa Moso hawana haja ya kuelezwa maana ya dola 549.

Basi kampuni ya namna hiyo itengeneze kompyuta ya bei ya chini kabisa kwa shule za wanyonge? Wako wenzetu wanaosema hapana, kwamba ikishusha bei itaanza kubana skrubu, na mwisho itatuletea gundi ileile. Hofu yao ina msingi. Hata hivyo sisi twasema itengeneze, maana ikikaa kando, soko la watoto wetu litabaki la watu wa gundi peke yao.

Lakini tujifunze kwa jirani. Mwaka 2005 Profesa Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Ilipotoka kiwandani mwaka 2007 ilikaribia dola 200. Rwanda ilipokea zaidi ya 200,000. Tuseme haki, ile mashine ya kijani haikuwa mbaya. Mtoto aliweza kuifungua, na waundaji walificha skrubu za akiba ndani ya mkono wake wa kushikia. Skrubu zilikuwepo! Ila shule nyingi hazikuwa na umeme, walimu wengi hawakuwa wamefunzwa vya kutosha, na mashine ikiharibika kijijini, kipuri kilikuwa mbali. Hapa Burundi ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi mwenye umeme nyumbani. Kwa hiyo kila anayetutajia bei ya kompyuta ya shule, tumwulize kwanza bei ya betri ya pili, na nani ataiuza Gitega au Cankuzo.

Tena si lazima kila kitu kiwe kipya. Mnunuzi wa Ulaya akibadilisha ubao wake, ule wa zamani bado ni mzima. Kampuni iukusanye, iupime, iutie katika kava imara la shule, na iuwekee dhamana. Tunasema dhamana kwa makusudi, maana takataka zinazoitwa msaada tumezipokea za kutosha.

Na bei isishushwe kwa kumkamua mfanyakazi anayezifunga kiwandani. Yule ni mwenzetu, hata kama yuko mbali.

Vijana wa Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu na mafundi wa Buyenzi wafunzwe pamoja kutengeneza mashine hizo, na vipuri viuzwe papo hapo sokoni. Hayo tutayapeleka mbele ya mkutano wa wajumbe, na wizara ikitaka kununua kompyuta yoyote ya shule, tutaomba ifunguliwe mezani kwanza mbele ya fundi.

Mwenzetu wa Kiriri ameiweka ile yake chini ya kitanda. Fundi amemwambia asiitupe, huenda siku moja ikaletwa nyingine ya aina ile, iliyokufa mahali pengine.