VAZI LA HARUSI LA MAMA LISIACHWE LIOZE SANDUKUNI

Ndugu askari na polisi, katika nyumba nyingi za kambi zetu limo sanduku la bati lifunguliwalo kwa nadra. Ndani yake limehifadhiwa gomesi aliloolewa nalo mama, au gauni jeupe alilovaa bibi kanisani. Limegeuka manjano na pindo lake limeanza kuachana. Binti anapoposwa, jamaa hulitoa, hulisifu, hulirudisha sandukuni, kisha huenda kukopa fedha za vazi jipya. Desturi hiyo hatuioni kuwa na faida.

Wako wasemao kwamba vazi la wazee ni amana, na amana haiguswi kwa mkasi. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini historia ya gomesi lenyewe inaipinga. Zamani wanawake wa Buganda walijifunga suuka ya lubugo, yaani nguo itokanayo na gome la mti wa mutuba. Baada ya shule ya wasichana ya Gayaza kuanzishwa mwaka 1905, fundi Mgoa aitwaye Gomes alitwaa mtindo ule wa kujifunga, akautia mabega, mikono na vifungo, na jina lake likabaki katika vazi. Irene Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, ndiye anayetajwa kulieneza tangu mwaka 1914. Basi gomesi ni zao la marekebisho, na anayelirekebisha leo hajavunja mila.

Kazi hiyo haihitaji mafundi wa ng'ambo. Kisenyi, jirani na soko la Owino jijini Kampala, ambako Waganda, Wasomali na makabila mengine hufanya biashara pamoja, vyerehani havilali. Lakini mwenye vazi hana budi kujua la kumwagiza fundi. Kwanza kitambaa kipimwe nguvu kwa kukivuta taratibu mahali pasipoonekana. Hariri ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, isisokotwe wala kuanikwa juani. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huila. Mishono ifumuliwe kwa ncha ya wembe, kwa subira, kwani mara nyingi ndani yake mna akiba ya nguo ya kuongeza upana. Akiba isipotosha, kikwapa kipya kitiwe chini ya mkono. Palipochakaa pashikizwe kwa bitana nyepesi ya pamba. Kabla ya cherehani kupita, fundi apige bandi na binti alijaribu vazi. Na vipande vyote vilivyotolewa virudishwe kwa mwenyewe, ili mjukuu naye apate cha kuongezea.

Askari hahitaji mahubiri marefu katika jambo hili. Tangu siku za mafunzo amefundishwa kwamba kifungo kilicholegea hushonwa leo, na kwamba sare iliyotiwa kiraka safi haimwaibishi mtu gwaridени. Nidhamu hiyo itumike nyumbani pia. Ufa usipozibwa, hujengwa ukuta; na mshono wa shilingi chache ukipuuzwa, huzaa deni. Mkopo wa chama cha akiba unafaa kununulia kiwanja au kulipia ada ya shule. Ukitumika kwa vazi la siku moja, maharusi huanza maisha wakikatwa mshahara, na vazi lenyewe huishia katika sanduku jingine.

Liko na jambo zito kuliko fedha. Katika vita vya mwaka 1979, na vile vya 1981 hadi 1986, familia nyingi zilikimbia na kile tu kilichoweza kubebwa mikononi. Picha ziliungua, barua zikapotea. Mama aliyeona vema kuliokoa vazi lake la harusi aliokoa ushahidi kwamba nyumba yake ilikuwako. Na kwa binti ambaye baba yake hakurudi kutoka kazini, vazi la mama huenda likawa kitu pekee kilichoiona siku ile wazazi wote wawili waliposimama pamoja. Kuliacha liliwe na nondo ni kumnyima urithi wake.

Hatusemi kwamba kila vazi litapona. Kitambaa kinachochanika kwa kuguswa tu kisilazimishwe. Kipande kilicho kizima kishonwe ndani ya vazi jipya, au kitengenezwe mshipi. Wala binti asishurutishwe. Aulizwe kwanza, kwani atakayevaa ni yeye.

Shime, basi, ndugu zetu. Mtakapopata likizo, litoeni vazi hilo nje ya mfuko wa plastiki unaohifadhi unyevu, ondoeni pini za chuma ziachazo kutu, na lifungeni kwa shuka safi ya pamba. Kisha mpelekeeni fundi mapema, miezi kadhaa kabla ya harusi. Fundi aliyeharakishwa hukata. Aliyepewa nafasi hufumua.