Gari la umeme lianzie milimani

MTAZAMO WA WIKI
Na Eliamani Mmbaga

Kila mjadala wa magari ya umeme unapozuka nchini, milima hutajwa kama sababu ya kungoja. Tunaambiwa magari hayo yanafaa Dar es Salaam, kwenye lami na tambarare, lakini ukiyapeleka Chome, Vudee au Mamba Miamba kwenye milima ya Upare yatakata pumzi kabla ya kufika na kuwaacha abiria porini. Hoja hiyo inasemwa stendi ya Same na inasemwa pia na watu waliosoma. Naipinga. Kama kuna mahali injini ya petroli inamnyonya mwananchi kupita kiasi, ni mlimani. Na kama kuna mahali ambapo mota ya umeme inapendelewa na maumbile ya nchi, ni huko huko.

Tupige hesabu. Vijiji vingi vya Upare wa Kusini viko mamia ya mita juu ya mji wa Same, na kilele cha Shengena kinafika mita 2,463 juu ya usawa wa bahari. Kulipandisha gari la tani 2 mita 1,000 juu kunahitaji takriban yuniti tano na nusu za umeme, ukiacha msuguano wa matairi. Hiyo ni fizikia ya shule ya sekondari. Kwa bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, ukijumlisha kodi hizo pamoja na umeme unaopotea kwenye chaji na mota, hutazidi sana shilingi 2,500. Injini ya petroli, kwa upande wake, hugeuza kuwa mwendo kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta. Inayobaki hupotea kama joto. Mwinuko ule ule utameza lita mbili na nusu hivi. Mwaka 2025 bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilipanda na kushuka karibu na shilingi 2,900 kwa lita. Kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya shilingi 7,000 dhidi ya 2,500, kwa mlima mmoja.

Na hiyo ni bei ya kituoni. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na kuzitaja wilaya moja moja, lakini vituo vipo barabara kuu. Kijana wa bodaboda aliye juu kijijini hununua petroli ya chupa dukani, kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Gharama hiyo haiishii kwake. Inaingia kwenye nauli ya mama anayempeleka mtoto hospitali, kwenye bei ya saruji inayopanda na kwenye bei ya tangawizi inayoshuka. Mkulima wa Mamba Miamba anapolipwa kidogo kwa gunia lake, sehemu ya fedha iliyokatwa imekwenda kuchomwa njiani.

Sasa tuangalie safari ya kushuka, maana hapo ndipo mlima unapogeuka kuwa mali. Gari la petroli likishuka halirudishi hata tone la mafuta. Dereva anakanyaga breki mpaka zinanuka, au anafanya kosa la hatari la kuweka gia huru ili aokoe mafuta. Mota ya umeme inaposhuka hugeuka jenereta: inalizuia gari na wakati huo huo inarudisha chaji kwenye betri. Betri inapata sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda, na breki zinapumzika. Kwa barabara zetu zenye kona kali na korongo upande mmoja, huo ni usalama wa maisha.

Tena mizigo mizito ya milima yetu hushuka zaidi kuliko inavyopanda. Tangawizi, ndizi, maharage, vyote vinateremka kwenda Same na kwenye barabara kuu, na gari hurudi likiwa jepesi. Uswisi wamelitumia jambo hili vizuri. Katika machimbo ya Péry karibu na Biel, lori la machimbo lililobadilishwa kuwa la umeme linapanda likiwa tupu, lina tani 45 hivi, kisha linashuka na shehena ya tani 65 za mawe ya saruji. Kwa kuwa linashuka zito na kupanda jepesi, chaji linayoipata likishuka inaweza kutosha safari ya kupanda. Sisemi Fuso ya tangawizi itafanya hayo kesho. Ninachosema ni kwamba kanuni ile inayofanya kazi Uswisi inafanya kazi Upare pia, na hapa hakuna aliyeijaribu.

Wapare hawahitaji kufundishwa maana ya kuhifadhi nguvu ya mlima. Ndiva zetu, yaani mabwawa madogo ya umwagiliaji kama lile la Manoo kule Bangalala, hukusanya maji ya kijito usiku wakati hakuna anayemwagilia, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu ili maji yafike shambani yakiwa na kasi. Betri inayochajiwa usiku, wakati viwanda na majumba vimepunguza matumizi, inafuata akili hiyo hiyo. Kenya wameiweka kwenye bei: tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na saa za matumizi madogo bei hiyo inashuka hadi nusu. TANESCO nayo ingeweza kufanya hivyo.

Hata hivyo, anayeunga mkono jambo ana wajibu wa kuyakabili magumu yake, na hapa yako matatu.

La kwanza ni umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limetuondoa kwenye mgao wa miaka ya karibuni, lakini kuwa na umeme Rufiji hakumaanishi kuwa nao Same. Aprili na Mei 2024 gridi ya taifa ilizimika na nchi ikakaa gizani. Machi 2025, alipokuwa mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa Serikali itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka mbali unapotea njiani kwa hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Wengi waliudhika siku ile. Mimi naona alisema ukweli tunaopaswa kuufanyia kazi: kaskazini tuko mwisho wa waya. Kabla ya kumwambia mtu auze pikipiki yake ya petroli, waya huo uimarishwe, na vituo vya kubadilishia betri viwe na paneli za jua. Jua la tambarare ya Same halina msimu mrefu wa kujificha.

La pili ni fedha ya barabara, na hili linazungumzwa kidogo mno. Barabara zetu zinatunzwa kwa tozo inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, ndizo hizi za vijijini, za vumbi, zinazokatika kila masika. Magari yakiacha petroli, tozo hiyo itakauka. Wa kwanza kuumia hatakuwa mkazi wa Masaki mwenye gari jipya la umeme. Ataumia mtu wa mlimani ambaye barabara yake haitachongwa. Mataifa mengine yameliona hili: Uingereza ilianza kuyatoza magari ya umeme kodi ya barabara Aprili 2025, na New Zealand ilitangulia Aprili 2024. Nasi tuamue mapema, na tuamue kwa haki. Gari zito la kifahari lilipe kwa uzito wake na kilomita zake. Bodaboda na gari la abiria vijijini vipewe nafuu.

Serikali ikumbuke kuwa wilaya hii ina historia na kodi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani na kukusanyika hapa Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa kipimo wasichokikubali. Hawakuwa wanakataa kodi kwa jumla. Walikataa kupimwa bila kusikilizwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameyaandika hayo, na fundisho lake halijazeeka. Kodi yoyote itakayochukua nafasi ya tozo ya mafuta ielezwe kijijini kabla ya kupitishwa Dodoma.

La tatu ni betri chakavu. Tanzania hununua magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na matoleo yake ya mwanzo yana betri zinazochoka haraka kwenye joto. Gari la namna hiyo litang'aa kwenye yadi, mnunuzi atalifikisha Same, na ndipo atakapogundua kuwa limebaki na nusu ya safari yake. Ulaya, Uingereza na Japani zinapoelekea kuacha petroli, tutakuwa jalala la aina mbili: injini walizozichoka na betri zilizokufa. TBS ipime afya ya betri ya kila gari la umeme linaloingia na kuiandika kwenye cheti, na mwingizaji abebe jukumu la betri ikifika mwisho wake.

Kwa magumu hayo, siungi mkono tarehe ya kupiga marufuku petroli nchini. Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli Januari 2024, lakini ina umeme wa bei ndogo na ilibanwa na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Hata Umoja wa Ulaya, uliojiwekea mwaka 2035, mwishoni mwa 2025 ulianza kulegeza masharti yake. Rwanda ndiyo inayotufaa zaidi kama mfano: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme, na zile za zamani zimeachwa zimalize maisha yake. Kigali nao ni mji wa vilima.

Nasi tuanze na bodaboda, na tuanzie hapa. Vijana wetu wengi wanaendesha kwa mkataba: analipa hesabu kila wiki mpaka pikipiki inakuwa yake. Utaratibu huo unaifaa pikipiki ya umeme kabisa, iwapo betri haitauzwa pamoja na chombo bali itakodishwa na kubadilishwa kituoni. SACCOS zetu zinaweza kununua chombo, mwekezaji akamiliki betri, VETA ikafundisha mafundi. Yakifuata magari ya abiria yanayopanda milimani, LATRA ihakikishe nafuu ya mafuta inaonekana kwenye nauli na haibaki mfukoni mwa mwenye gari.

Ipo sababu nyingine inayonifanya nisingoje. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, Mamba Miamba, na kuua watu zaidi ya 20. Siwezi kusema mvua ile ilitokana na moshi wa magari, wala moshi wetu ni kitu mbele ya ule wa mataifa tajiri. Lakini mvua kubwa zinazidi kuwa kali kadiri dunia inavyopata joto, na watu wa miteremko ndio wanaozikwa nazo. Tuna haki ya kuwa wa kwanza kunufaika na teknolojia inayodaiwa kuwepo kwa ajili ya kutuokoa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Same Mashariki na Same Magharibi, pamoja na Halmashauri, wapeleke ombi moja bungeni katika bajeti ijayo: Same iwe wilaya ya majaribio ya bodaboda za umeme, yenye kituo cha betri mjini na kingine kwenye barabara ya kupandia milimani, bei ya usiku ya TANESCO, na taarifa ya gharama inayosomwa kwenye mikutano ya vijiji. Mwaka mmoja unatosha kujua nani alikuwa sahihi kati yangu na wanaosema mlima haufai. Majaribio yakishindwa kwenye mlima wa Vudee, hasara itakuwa ndogo na tutakuwa tumejua. Yakifanikiwa, hakuna wilaya Tanzania itakayobaki na kisingizio.