Papa Hana Hatia

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Kijiweni kwetu mzee mmoja alitoa hukumu kabla kahawa yake haijapoa: papa. Papa wametafuna waya. Watu wakacheka, lakini wakaridhika. Tangu siku hiyo mtandao ukisuasua mtaani hata kwa dakika kumi, utamsikia mtu akisema, "Papa tena."

Mimi ni fundi wa faiba. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mitatu, na leo nasimama kumtetea papa. Wanaozitunza nyaya za baharini wanajua kwamba sehemu kubwa ya hitilafu zake hutokana na nanga za meli na zana za wavuvi, meno ya samaki hayamo. Lakini hata nanga zisibebeshwe mzigo usio wao. Katika hitilafu nilizowahi kuitwa mimi, nyingi zilitokea bahari ikiwa imetulia. Kilichokufa kilikuwa nchi kavu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, katika mita tatu za waya ambazo mtu alizifunga haraka kwa sababu alilipwa ili afanye haraka. Hiyo ndiyo hoja yangu na sitaizunguka. Mtandao wetu unauawa kwenye raki, na mwuaji ni mkataba uliomtuma fundi pale.

Wengi hawajawahi kuiona raki, kwa hiyo nieleze. Ni fremu ya chuma yenye upana wa inchi 19, pembeni ina matundu ya skrubu kutoka juu mpaka chini. Kimo chake kimegawanywa kwa vipimo vya milimita 44.45, na kila kifaa hukalia kipimo kimoja au zaidi. Juu kuna paneli ambako waya mnene unaotoka nje huishia. Ndani ya paneli hiyo nyuzi za kioo zimeungwa kwa moto na kulazwa kwenye trei kwa mizunguko mipana. Chini yake zipo swichi na ruta. Chini kabisa ni betri na mambo ya umeme. Kati ya paneli na swichi hupita pachikodi, zile nyaya fupi za manjano. Meli imelaza maelfu ya kilomita za waya chini ya bahari, mitaro imechimbwa kando ya barabara mkoa kwa mkoa, na safari yote hiyo inaishia mikononi mwa kijiwaya cha manjano ambacho unaweza kukiviringisha ukakitia mfukoni.

Ndani ya pachikodi hiyo mwanga hupita kwenye kiini chenye upana wa maikromita 9, yaani gawa milimita moja mara elfu, kisha chukua vipande tisa. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Chembe moja ya lile vumbi jekundu linaloingia kibandani mlango ukifunguliwa, ikitua juu ya kiini, imeziba njia. Ukichomeka konekta bila kusafisha, chembe ile inabanwa kati ya vioo viwili na inaweza kuacha mkwaruzo usiofutika. Ukiukunja waya kwa kona kali ili mlango wa kabati ufunge, mwanga unavuja ubavuni. Ukiubana kwa tai ya plastiki mpaka ukaingia kiuno, hasara ni ileile. Konekta ya kijani uso wake umechongwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari huo. Ukizikutanisha zitaingiana bila ubishi, utasikia na mlio wa kujifunga, na mwanga mwingi utapotelea hapo. Desibeli 3 tu zikipotea, nusu ya mwanga imekwenda. Na yote haya huyaoni, maana mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ukichungulia kwenye tundu ili uhakikishe, utakachopata ni jicho kuharibika bila hata kuhisi maumivu.

Kuifanya kazi hii sawasawa hakuhitaji uchawi. Kila konekta inapanguswa, inatazamwa kwa hadubini, ndipo inachomekwa. Kila waya unapitishwa pembeni mwa raki kwenye njia yake, kwa mikunjo mipana, unafungwa kwa mkanda wa velkro ili kesho uweze kufunguliwa bila kisu. Unabandikwa lebo pande zote mbili, inayosema unatoka wapi na unakwenda wapi. Mwanga unapimwa na namba inaandikwa. Raki yenye pachikodi 48 ina ncha 96 hata ukihesabu kila jozi kuwa ncha moja. Fundi makini na msaidizi wake wataimaliza kwa siku nzima, pengine na nusu ya siku ya pili.

Sasa nikwambie tunavyolipwa. Mwenye mtandao humpa kazi mkandarasi. Mkandarasi humpa mkandarasi mdogo. Mkandarasi mdogo humpa mtu mwenye gari na mashine ya kuungia faiba. Huyo ndiye anayetupigia simu sisi. Kila mmoja hapo katikati amekata chake, na kinachobaki chini kinalipwa kwa saiti, si kwa siku. Ukimaliza saiti moja kwa siku mbili kama nilivyoeleza hapo juu, umekula hasara. Ukimaliza mbili kwa siku moja, unaitwa jembe.

Ushahidi wa kazi ni picha nne za simu: raki kwa mbele, raki kwa nyuma, taa za kijani, mlango umefungwa. Picha zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, mtu aliye ofisini anajibu kwa kidole gumba, mmehamia saiti nyingine. Hakuna anayeomba picha ya uso wa konekta. Lebo haisomeki kwa mbali. Vumbi halionekani kabisa. Kisichoonekana hakilipwi, na kisicholipwa hakifanywi.

Miaka mitano iliyopita tulifunga raki katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Tulifika saa nne asubuhi, na jioni ileile tulikuwa tunatakiwa saiti nyingine, kilomita themanini mbele. Tulikuwa na pachikodi 48, zote za manjano, zote za mita tatu kwa sababu ndizo zilizonunuliwa, hata pale ambapo mita moja ingetosha. Urefu uliozidi tukausokomeza nyuma ya raki na kuukaza kwa tai za plastiki. Printa ya lebo haikuwepo, iliahidiwa kuja. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mstari unaouliza kama nyaya zimewekwa lebo. Nikaweka tiki. Nikasaini.

Miezi saba baadaye kijana niliyekuwa namfundisha kazi alitumwa pale usiku kuhamisha waya mmoja wenye hitilafu. Alitumwa peke yake, maana watu wawili ni posho mbili. Aliufuata waya ule kwa vidole kuanzia kwenye paneli mpaka kwenye fundo la tai, ambako nyaya ishirini zinaingia, ishirini zinatoka, na zote zinafanana kama mapacha. Upande wa pili akavuta ule aliodhani ndio wenyewe. Taa ya tundu jingine ikazima. Lilikuwa tundu la hospitali. Akashtuka, konekta ikamponyoka, ikaangukia sakafuni kwenye vumbi. Akaiokota, akaifuta kwa shati, akairudisha.

Alinipigia simu saa nne usiku. "Kaka, inawaka halafu inazima."

Nikamwuliza kama ana kalamu ya kusafishia. Hakuwa nayo. Pachikodi ya akiba? Hakuna. Havikuwemo kwenye bajeti ya safari. Nilimwambia ajaribu tena, nikijua kwamba kila anavyojaribu ndivyo anavyolisaga lile vumbi kwenye kioo.

Hakuna aliyekufa kwa sababu ya usiku ule, na sitaongeza chumvi. Lakini kesho yake watu walipanga foleni hospitalini tangu alfajiri, na kaunta haikuweza kuhakiki kadi za bima. Mwenye pesa alilipa taslimu. Asiye na pesa alisubiri mpaka saa sita mchana, gari lilipofika na waya mpya. Ukitaka kujua uzito wa maikromita 9, muulize mama aliyekaa kwenye benchi saa sita na mtoto mwenye homa mgongoni.

Ripoti ya tukio ilikuwa na chanzo kimoja: uzembe wa fundi. Kijana aliondolewa kazini siku hiyohiyo, na siku alizokuwa anadai hazikulipwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyaya 48 hazikuwa na lebo wakati fomu inasema zinazo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesaini. Na mimi niliyesaini nilikaa kimya, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimeahidiwa saiti tatu na nilizihitaji. Mvunja nchi ni mwananchi. Naandika haya nikijua kwamba saini ile ni yangu.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba mafundi wetu hawana mafunzo, kwa hiyo tuwapeleke semina. Kijana yule alijua kusafisha konekta. Nilimfundisha mimi, kwa kifaa nilichonunua kwa pesa yangu. Alijua pia kwamba shati halifai. Alichokosa ni kalamu ya kusafishia, na kalamu haipatikani kwenye semina.

La pili ni gharama. Roli ya lebo, kalamu ya kusafishia na pachikodi mbili za akiba havifikii mafuta ya gari lililokwenda na kurudi siku ile. Tunaokoa sumni, tunapoteza noti, na tunaita hivyo kubana matumizi.

La tatu husemwa kwa kebehi, na wasimamizi wetu wenyewe. Ukitoa hadubini saiti, wanakuita bishoo. Basi wajue bishoo wa kwanza alikuwa nani. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walitoa hoja kwamba uzi wa kioo unaweza kubeba mawasiliano kwa umbali mrefu endapo kioo kitakuwa safi vya kutosha. Kilichokuwa kinaua mwanga, walisema, ni uchafu uliomo ndani yake. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule SEACOM ilipowasili pwani yetu. Teknolojia hii yote ilizaliwa kutokana na hoja ya usafi. Sisi tumeipokea ufukweni, tukaivusha mito na milima, halafu mwisho wa safari tukaifutia shati.

Na wapo wanaosema faiba imepitwa, sasa ni minara na setilaiti. Mnara wa simu ulio karibu nawe, ukiufuata waya wake, mara nyingi utakufikisha kwenye raki. Setilaiti nayo hushusha data kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kina raki. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hakuna mtandao ambao hauishii kwa mtu aliyepiga magoti mbele ya kabati.

Ninachokidai si kikubwa. Kazi ya raki ilipwe kwa siku, na siku zihesabiwe kwa idadi ya nyaya. Vifaa vya kusafishia na lebo viandikwe kwenye mkataba kama vilivyoandikwa swichi na betri, viwe na bei yake, asiwepo wa kuvikata njiani. Anayepokea kazi aje mwenyewe, afungue kabati, achague nyaya tano bila kutuambia, adai kuona vipimo vyake na picha ya hadubini ya kila ncha. Moja ikishindwa, malipo yasubiri. Jina la aliyefunga na jina la aliyekagua yabandikwe ndani ya mlango, ili siku ya hitilafu ripoti isiwe na jina la kibarua peke yake. Na wenye hospitali, shule na benki wanaolipia laini kila mwezi waombe kuiona ile fomu ya makabidhiano. Wataikuta imejaa tiki. Waombe kuziona na nyaya.

Na mafundi wenzangu, tusijifiche nyuma ya mkataba. Kama lebo haipo, andika haipo. Utakosa saiti, najua. Mimi sikutaka kuzikosa zangu tatu, na mwingine akalipa.

Mwezi uliopita nilimkuta kijana yule kwenye kibanda karibu na stendi, anatengeneza simu na redio. "Shikamoo kaka," akaniambia, akanivutia kigoda. Tukaulizana habari za nyumbani. Ana mtoto sasa. Nilipoinuka kuondoka, akaniuliza kitu kimoja, bila hasira.

"Zile nyaya, mlishaziwekea lebo?"

Nikamwambia ukweli kwamba bado. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye bisibisi yake.