Akiba ya kumbukumbu isiyojaribiwa ni hasara inayosubiri siku

Mfugaji wa Ololosokwan, kijiji cha tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hahitaji kufundishwa maana ya akiba. Ukame unaponukia, mwenye busara haachi ng'ombe wote katika boma moja. Wengine huwapeleka kwa ndugu, wengine kwa rafiki wa mbali, ili maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili ubaki na mbegu. Na hamalizi hapo. Huenda kuwaangalia, maana ng'ombe aliyekufa hukohuko bila mwenyewe kujua si akiba tena.

Inashangaza basi kwamba zikija kumbukumbu za fedha, ardhi na mifugo, busara hiyo huachwa mlangoni. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina daftari moja, au kompyuta moja na flashi moja ndani ya droo ileile. Wenye nakala nao ni wachache wanaokumbuka kuifungua waone kama inasomeka.

Kompyuta si ngeni Ololosokwan. Katika miaka ya 2010, UNESCO na kampuni ya Samsung walianzisha hapo kijiji cha kidijitali, chenye darasa la intaneti linalotumia umeme wa jua. Na hata asiyewahi kugusa kompyuta, salio lake la benki na la simu limo ndani ya mitambo ya mbali. Ubora wa nakala rudufu kwa hiyo ni suala la mfuko wa kila mkulima na kila mwenye duka, wala si la mafundi peke yao.

Taasisi kubwa zenye mtandao wa kompyuta bado hutumia tepu za sumaku kwa akiba hiyo. Tepu ya aina hiyo ni utepe mwembamba wa plastiki, upana wa nusu inchi na urefu unaokaribia kilomita moja, uliopakwa unga wa sumaku na kuviringishwa ndani ya kasha. Ni rahisi kutunza na haili umeme ikiwa kabatini. Ikihifadhiwa vizuri hudumu miaka mingi. Maadui zake ni vumbi, joto, unyevu, kuangushwa na kutumiwa kupita kiasi.

Ubaya wa tepu mbovu ni kwamba haipigi kelele. Inaweza kukaa kabatini miaka mitatu ikiwa na lebo safi, na kosa likaonekana siku ile inayohitajika. Ndiyo maana programu nyingi za nakala rudufu huhesabu makosa ya kila tepu, na ikikosea mara kadhaa ndani ya muda mfupi huigandisha isiandikwe tena. Fundi mzembe huiachia iendelee, maana tepu mpya ni gharama. Fundi makini kwanza huuliza: mgonjwa ni tepu au mashine inayoisoma? Tepu moja ikikosea kwenye kila mashine, ubovu ni wa tepu. Tepu nyingi zikikosea kwenye mashine moja, mashine ndiyo inayohitaji kusafishwa au kutengenezwa. Mfugaji analielewa hili mara moja: ndama mmoja akiugua hutengwa, lakini zizi zima likiugua mtu hukagua maji.

Tepu iliyogandishwa haitupwi hapohapo. Yaliyomo huhamishiwa kwanza kwenye tepu nzima, yahakikiwe, ndipo ile mbovu iharibiwe kabisa. Kuitupa jalalani na majina na salio za watu ni hatari, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kulinda taarifa za wateja ni wajibu wa kisheria.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wazungu wenye mitambo mikubwa. Mitambo hiyo mikubwa ndiyo yenye funzo. Februari 2011, hitilafu ya programu iliwafutia baadhi ya watumiaji wa Gmail barua zao, na nakala zilizokuwa mtandaoni nazo zikaguswa. Google iliokolewa na tepu, kwa kuwa zilikuwa nje ya mtandao. Januari 31, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa kazini. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za akiba, lakini nyingine hazikuwa zikifanya kazi na hakuna aliyekuwa amegundua. Kazi ya saa sita hivi ikapotea. Tofauti ya visa hivi viwili haikuwa fedha, bali akiba iliyoweza kurudishwa.

Kwa Ololosokwan, kumbukumbu ni suala la ardhi pia. Kijiji hicho na vingine vitatu vya Loliondo vilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017 kuhusu kuondolewa kwa wananchi. Septemba 2022 mahakama iliitupa, ikisema ushahidi haukuthibitisha kwamba matukio yalitokea ndani ya ardhi ya vijiji. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kilitengua hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Hapa hoja si nani mwenye haki. Hoja ni kwamba shauri la ardhi husimama au kuanguka kwa ramani, hati na tarehe, na vitu hivyo vikipotea hakuna wakili wa kuvifufua.

Utaratibu mzuri upo tayari nchini. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa nakala tatu: ya mwenye ardhi, ya masjala ya kijiji na ya wilaya. Wataalamu wa kompyuta nao wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo.

Gharama yake ni ndogo. Chukua mfano wa SACCOS ya wanachama 200. Kumbukumbu zikipotea na kila mmoja akabishaniwa sh. 50,000, mgogoro ni wa sh. milioni 10. Flashi mbili za kubadilishana na nauli ya kuipeleka moja mahali pengine haziifikii hata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Kila moja iandikwe namba na tarehe ya kuanza kutumika, na ikianza kukosea istaafishwe.

Kila baada ya miezi mitatu, nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine na salio za wanachama watano zilinganishwe na vitabu vyao, mbele ya kamati ya usimamizi. Wanaomlipa fundi wa nje waliandike jaribio hilo ndani ya mkataba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kujadili gawio, mwanachama asimame aulize: mara ya mwisho nakala yetu ilifunguliwa lini, na nani alishuhudia? Kiongozi asiye na jibu hana akiba, hata kabati likijaa.