Usiniambie "Poa" Tu

Bila shaka wengi wenu mliziona picha ambazo chama chetu kilizibandika karibu na maktaba muhula uliopita. Zilikuwa picha za watu waliopigwa bila kujipanga. Hakuna aliyepiga pozi wala kutabasamu kwa kuamriwa. Chini ya kila picha tuliweka karatasi tupu mwandike maoni. Yangu ilikuwa ya mama mmoja wa jikoni akikoroga sufuria kubwa. Mliandika "Poa" mara tisa, "Safi sana" mara nne, na mmoja wenu akaandika, "Huyu ndiye hutupimia githeri kidogo." Chini yake mkajaza vicheko.

Jamani, hayo nayo ni maoni?

Hebu tufikirie. Mwalimu akituletea shairi darasani, hatusemi "poa" tukafunga daftari. Twahesabu mizani, twatazama vina, twauliza kwa nini neno fulani likawekwa pale. Tena sijamwona mwanafunzi akihakiki shairi kwa kuicheka pua ya mtunzi. Mbona picha tunaifanyia hivyo? Picha nayo huhakikiwa. Mwangaza unatoka upande gani? Jicho linavutwa wapi kwanza? Ni kitu gani kimekatwa ukingoni ambacho kingefaa kubaki? Na picha ya mtu asiyejipanga ina swali lake la ziada: kwa nini sekunde hii na si ile iliyofuata? Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyetoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1952, alisifika ulimwenguni kwa kuijua sekunde hiyo.

Aliyenisaidia ni mtu mmoja tu, mtoto wa kidato cha kwanza. Aliandika: "Bomba la moshi limeota kichwani pa mama. Na mkono wenye mwiko uko wapi?" Nisiwafiche, nilikasirika. Mimi wa kidato cha tatu nifundishwe na mono! Usiku ule badala ya kusoma nilikaa nikitunga utetezi: ati mvuke ulikuwa mwingi, ati nafasi ilikuwa finyu, ati kamera ya chama ni kuukuu. Asubuhi nikaenda kuitazama tena. Kumbe! Bomba lilikuwa limesimama utosini kama pembe. Ningesogea hatua mbili tu kushoto lisingeonekana. Mtazamaji hazijui shida zangu, yeye anaona picha. Siku hizi nikikosolewa hunyamaza kwanza, kisha nauliza, "Umeona wapi?" Si rahisi, hasa mkosoaji akiwa na sauti ya dharau.

Lakini kuna mhakiki tuliyemsahau kabisa, naye ni mwenye uso.

Siku ya tatu mama mwenyewe alipita hapo na karai la mboga, akasimama. Alitazama kitambo kirefu. Nikamwamkia huku nikingoja sifa. Akasema, "Mwanangu, hapa umenionyesha nimechoka. Kwani mimi huchoka siku zote? Na haya ya githeri, ni nani kayaandika?" Nilikosa la kusema. Sikuwa nimemwomba ruhusa, kabla wala baada.

Makubwa kuliko hayo yamewahi kutokea. Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja akiwa na watoto wake. Hakumnyemelea kama nilivyofanya mimi, alimkaribia waziwazi, ila hakumwuliza jina. Picha ile ikaenea dunia nzima. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alikuja kujulikana mwaka 1978, akasema alitamani asingepigwa picha ile, na kwamba hakupata hata senti. Miaka 42 watu wakiusema uso wake, naye hajaulizwa!

Basi niliibandua yangu. Wenzangu chamani walinilaumu, wakasema uchovu ule ndio uliokuwa utamu wa picha. Hawakukosea. Bomba au bila bomba, hata mimi naona ndiyo bora kati ya zangu zote, na inaniuma kuiweka kabatini. Wengine walidhani nimeogopa sheria, maana tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. La hasha. Mimi kila siku mchana husimama mbele ya mama yule na sahani yangu mkononi. Ningemtazamaje?

Muhula ujao tutabandika picha nyingine. Safari hii waliopigwa wataziona kwanza, na atakayekataa, yake haitapanda ukutani. Ninyi wengine mtaikuta karatasi pale pale. Ukiandika "poa", tafadhali ongeza ni wapi. Na yule mono wa bomba la moshi, naomba aje mapema.