Msiseme "imeungua" kabla ya kupima!

Wadau, leo nina hasira. Nilimnunulia mpwa wangu treni ya umeme ya mtumba hapa Majengo, Embu (treni ya kweli hupitia Karatina kwenda Nanyuki, kwetu haifiki). Ikasogea shubiri moja, ikazima. Fundi akasema bila hata kuifungua: "Mota imeungua, tupa."

Jamani! Mota iliyoungua itasogeaje shubiri moja? Nikatoa mita. Reli karibu na waya: volti 12 DC. Kipande cha pili: sufuri. Treni hizi hupata umeme kupitia reli zenyewe, kwa hiyo kibati kinachounga reli kikilegea au kikishika kutu, njia imekatika. Nikavisugua vibati, nikavibana kwa koleo, nikafuta magurudumu kwa spiriti. Inazunguka hadi sasa.

Nasi waandishi wa programu tusicheke. Ni wangapi husema "tuandike upya" kabla ya kusoma logi?

Halafu, ukipata seti ya Marekani, soma kibandiko cha transfoma. Yao ni ya volti 120, ukutani kwetu ni 240. Hiyo ndiyo itaungua kweli.