Kabureta au EFI: Mwenye gari Pemba apige hesabu kabla ya kung'oa injini

MWENYE gari dogo la mizigo au abiria kisiwani Pemba, ambalo bado linatumia kabureta, hakosi mtu wa kumshauri ang'oe injini na kufunga ya EFI, yaani ile inayonyunyiza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Sababu inayotolewa ni kwamba EFI inakula mafuta kidogo. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haitoshi kumfanya mtu atoe mtaji wake mfukoni.

Suala hili linawahusu wenye magari ya petroli tu. Malori na magari makubwa ya dizeli yanayopandisha abiria kati ya Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde hayana kabureta na hayamo katika mjadala huu. Yanayozungumzwa hapa ni magari kama Toyota Hiace, TownAce na Suzuki Carry, ambayo kwa miaka yalitengenezwa kwa namna zote mbili. Injini ya Toyota 1RZ ni ya kabureta na 1RZ-E ni ya EFI. Vivyo hivyo 7K na 7K-E. Kwa hiyo injini ya kubadilishia inapatikana, iwe imetoka Japani moja kwa moja au imepitia Dubai na Sharjah. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza.

Tofauti ya mifumo hii si ngumu kuielewa. Katika kabureta, hewa inayopita kwa kasi kooni hufyonza petroli kupitia jeti, na kipimo chake kimewekwa na tundu la jeti na kiwango cha boya. Katika EFI, sensa hupima hewa, joto na mwendo wa injini, kisha kompyuta huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Injini ya petroli huungua vizuri inapopata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Kompyuta hukikaribia kipimo hicho karibu wakati wote, wakati kabureta hukipata mwendo fulani na kukikosa mwendo mwingine.

Faida kubwa ya EFI huonekana pale hali ya hewa inapobadilika. Gari la kabureta lililopimwa pwani likipanda hadi Nairobi au Mbeya, mahali palipo juu ya mita 1,600, hewa huwa nyepesi na mafuta yakawa mengi kupita kiasi. Asubuhi za baridi nako choki humsumbua dereva. Pemba haina mambo hayo. Kilele chake cha juu kabisa hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya kuzuia injini kuwaka haijulikani. Vilima vya Pemba ni vingi na ni vikali, lakini hewa ya Konde na ya Mkoani ni ile ile. Anayefunga EFI kisiwani hapa analipia pia uwezo ambao gari lake halitautumia.

Hebu tarakimu ziseme. Tuchukue mfano wa gari linalotumia lita 12 kwa siku, kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, siku 25 kwa mwezi. EFI ikiokoa asilimia 10, mwenye gari atabakiwa na lita 1.2 kwa siku, sawa na shilingi 3,600, au shilingi 90,000 kwa mwezi. Ikiwa injini, waya, kompyuta, pampu na kazi ya fundi vitagharimu shilingi 4,000,000, fedha hiyo itarudi baada ya miezi 44 hivi, karibu miaka mitatu na miezi minane. Hapo gari liwe halijaharibika hata siku moja kwa sababu ya mfumo mpya.

Sasa mwenye gari huyo huyo aamue kuitengeneza kabureta yake kwa shilingi 250,000: kuifungua, kuisafisha, kubadilisha vifaa vya ndani, na kuweka plagi, waya na chujio jipya la hewa. Ikimrudishia nusu tu ya akiba ile, yaani shilingi 45,000 kwa mwezi, fedha yake itarejea kabla ya miezi sita. Bei zinapanda na kushuka, na kila mtu ataweka za kwake, lakini uwiano huu si rahisi kugeuka kwa gari lenye safari fupi.

Liko jambo jingine ambalo wauza injini hawalitaji sana, nalo ni siku za kusimama. Kabureta huharibika taratibu. Injini hukohoa, hutoa moshi mweusi, hunywa mafuta, lakini gari hufika. Fundi wa njiani mwenye bisibisi na mdomo wa kupuliza jeti humfikisha dereva nyumbani. EFI hufanya kazi vizuri mpaka siku inayozima. Pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu ya takriban mara kumi ya pampu ya kabureta, hivyo hakuna cha kuazima kwa jirani. Ikifa, spea isipopatikana Chake Chake huagizwa Unguja au Kariakoo, Dar es Salaam, na kusubiriwa kwa boti. Gari linalomwachia mwenyewe shilingi 40,000 kwa siku likisimama siku tano, shilingi 200,000 zimepotea. Hiyo ni akiba ya mafuta ya miezi miwili na zaidi. Yakitokea hayo katika msimu wa karafuu, wakati magunia yanasubiri kupelekwa vituo vya ununuzi vya ZSTC, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mteja aliyeachwa barabarani humtafuta mchukuzi mwingine na huenda asirudi.

Aidha, mazoea ya uendeshaji hayaisaidii EFI. Madereva wengi hununua mafuta kidogo kidogo kulingana na nauli iliyopatikana, na tangi hukaa karibu tupu. Pampu ya EFI iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Tangi likiwa tupu, na gari linapanda na kushuka vilima, pampu hupata moto, huvuta hewa na uchafu wa chini, na umri wake hupungua. Ukiongeza hewa ya chumvi inayokula soketi za waya, mwenye gari anatakiwa abadilishe tabia pamoja na injini.

Nchini Marekani mabishano ya kabureta na EFI ni ya siku nyingi miongoni mwa wapenzi wa magari ya zamani yenye injini kubwa za V8. Chevrolet iliuza Corvette yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta tangu mwaka 1957, lakini magari mengi ya nguvu ya miaka ya 1960 yalitoka na kabureta, na mashindano makuu ya NASCAR yaliendelea nayo hadi msimu wa 2011. Anayebadilisha leo huko hufanya hivyo kwa starehe. Gari likigoma, hubaki bandani naye akaenda kazini kwa jingine. Mchukuzi wa Pemba mara nyingi ana gari moja, na nyuma ya gari hilo ipo ada ya shule, deni la ndugu aliyeko Uarabuni na posho ya utingo.

Haya yote hayana maana kwamba EFI ni biashara mbaya. Anayenunua gari sasa, hasa linalotembea kutwa nzima, achague lililotoka kiwandani na EFI yake, kwa kuwa tangi, waya na pampu vilipangwa pamoja tangu mwanzo. Kwa gari linalotumia lita 30 kwa siku, akiba ya asilimia 10 katika mfano ule ule ni shilingi 225,000 kwa mwezi, na hata gharama ya kubadilisha injini hurudi katika miezi 18 hivi. Ni kweli pia kwamba kabureta halisi zinazidi kuadimika, na za bei rahisi zenye jeti zisizolingana na injini zinaweza kumtia mtu hasara. Mwenye gari linalofanya kazi nyingi hawezi kukaa na kabureta milele.

Lililo baya ni kubadilisha kwa kufuata mkumbo. Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari amtake fundi apime mgandamizo wa injini, moto wa plagi na chujio la hewa, kwa sababu makosa mengi ya sehemu hizo husingiziwa kabureta. Injini iliyochoka itakula mafuta hata ikifungwa EFI. Akiamua kubadilisha, anunue injini pamoja na waya zake zote na kompyuta yake, aweke pampu ya akiba nyumbani, na ahakikishe nambari mpya ya injini imeingizwa kwenye kadi, maana nambari zikitofautiana mnunuzi husita na bei hushuka.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwezi mmoja wa kuandika lita zilizoingia, safari zilizofanywa na siku gari liliposimama utamwonyesha mwenye gari yuko upande wa lita 12 au wa lita 30. Daftari hilo ni bei ya chai, na injini iliyonunuliwa bila hilo inaweza kumgharimu gari lenyewe.